Maswali ya Kitako: Ndani Kwanza, Mng'ao Baadaye

Barua nyingi za safari hii zinauliza vanishi. Nimechagua chache ambazo angalau zina jambo jingine. Kabla ya yote: bunduki iwe na leseni, chemba na magazini ziwe tupu, na risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Asiye na hayo matatu aishie hapa. Na nikisema kitako nina maana ya mti mzima, toka unapogusa bega hadi chini ya mtutu.

"Shikamoo fundi. Vanishi gani itafanya kitako cha Mauser ya marehemu baba king'ae kama kipya?" (Iringa)

Marahaba. Hakuna. Utanielewa mbele.

"Nimenunua kitako cha wolnati kilichochongwa nusu, cha Mauser 98. Chuma, yaani chemba na mtutu wake, kimekataa kuzama ndani ya mti, imebaki kama milimita mbili. Nikikaza zile skrubu mbili si kitavutika chini?" (Mtanzania, Ohio)

Kitavutika, ndiyo, na kitapinda kama upinde. Kila ukifyatua kitajinyoosha na kurudi, halafu uandike kulaumu darubini. Skrubu kazi yake ni kushika kilichokwisha kukaa.

Tafuta masizi ya koroboi, changanya na tone la mafuta ya mashine, paka chuma kwa mswaki wa zamani, utando mwembamba tu. Shusha chuma wima, gonga kidogo kwa nyundo ya mpira, kitoe wima vilevile. Penye weusi ndipo panapogoma. Papunguze kwa patasi kali, ukiparua unga badala ya kung'oa vibanzi. Rudia. Kuingiza na kutoa mara hamsini ni kawaida, na anayekwambia alimaliza kwa saa moja muombe akuonyeshe ndani. Kosa la wanagenzi ni kuchimba pasipo na masizi kwa sababu "panaonekana" pako juu. Macho hayajui, masizi ndiyo yanajua.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Chini ya chemba kuna kinundu cha chuma. Hicho ndicho kinapokea teke la bunduki ikifyatuliwa. Uso wake wa nyuma lazima ulale sawasawa juu ya mbao, wote, huku mbele, pembeni na chini yake pakibaki nafasi ndogo. Usipogusa, teke linakwenda kwenye mkia wa chuma, ile ncha yake ya nyuma, na mkia unageuka kabari unaopasua shingo ya kitako, pale mkono unaposhika. Vitako vingi vilivyoletwa kwangu vikiwa na ufa nyuma ya mkia, wenyewe walisema "mbao mbovu". Mbao haikuwa na kosa. Nyuma ya mkia wenyewe acha upenyo wa unene wa karatasi.

Ukishachimba kupita kiasi, jaza kwa gundi ya epoksi na ukandamize chuma humo. Lakini kwanza paka chuma nta mara mbili, na kila tundu na pembe iliyojikunja ndani uizibe kwa udongo wa kuchezea watoto. Mimi niliwahi kusahau tundu moja. Bunduki na kitako vikawa mwili mmoja, nikaenda kuomba friza ya jirani, vikalala humo usiku kucha pamoja na samaki, asubuhi nikagonga mpaka vikaachana. Jirani hajasahau.

Mwisho, pitisha noti kati ya mtutu na mbao. Ikiteleza kutoka ncha hadi karibu na chemba, vizuri. Ikikwama, parua hapo.

"Kama si vanishi, basi nini?" (Morogoro, na wengine wengi)

Mafuta ya kitani. Vanishi ni ngozi juu ya mbao: ikikwaruzwa porini maji yanaingia chini yake, ngozi inababuka, na dawa ni kuikwangua yote uanze upya. Mafuta yanaingia ndani ya mbao, na mkwaruzo unautibu kwa kitambaa na kidole. Sitasema kitani kinazuia maji kabisa, maana hakizuii. Nasema kinatengenezeka.

Mabichi hukauka polepole mno, yatakuchosha. Nunua yanayoitwa yaliyochemshwa, ambayo kwa kweli siku hizi yametiwa tu chumvi za madini za kuharakisha kukauka. Kwa hiyo usidhani ni chakula. Msasa namba 120, 180, 220, hadi 320, ukifuata nyuzi, na uuzungushie kipande cha mbao. Ukitumia kidole kitupu utazila kingo za mbao mpaka zishuke chini ya chuma, na hapo kila mtu atajua ni kazi ya nyumbani. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, vinywele vya mbao vitasimama; vikishakauka vipitishie msasa mwepesi. Rudia mpaka visisimame tena.

Kisha paka mafuta kiduchu, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu. Yote. Anayelalamika kwamba kitako chake kinanata tangu wiki jana aliacha mafuta juu, hana haja ya kuniandikia. Siku nzima kati ya mkono na mkono. Tanga wakati wa masika, siku mbili au tatu. Na usisahau ndani: kwenye matundu ya skrubu, chini ya mtutu, na zaidi ule mwisho wa kitako chini ya mpira wa begani, maana huko ndiko mbao inakunywa unyevu kama mrija. Mtu anapaka nje mikono kumi, ndani mkavu, halafu bunduki iliyolengwa Dodoma ikifika pwani inapiga kushoto.

Vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa pembeni. Kitani kikikauka kinatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vizamishe kwenye debe la maji.

"Nina gogo la mpingo. Litafaa?" (Lindi)

Mpingo unazama majini. Utabeba kitako au utabeba mzigo? Waachie wachongaji na watengeneza zumari. Chukua mninga: una uzito wa wastani, na ukishakauka hautikisiki sana kwa unyevu. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha. Uwe wenye alama ya nyundo ya watu wa misitu na karatasi zake, sio wa magendo ya usiku. Na chagua ubao ambao nyuzi zake zinapita shingoni kwa urefu. Zikikata shingo mshazari, hata mti wa peponi utavunjika.

"Kitako kimebonyea, mbao haijakatika." (Mwanza)

Kitambaa cha pamba kilicholowa, pasi ya moto juu yake, sekunde chache. Nyuzi zilizobonyezwa hunyanyuka. Zilizokatika hazinyanyuki.

"Shingo imepata ufa. Baba mdogo anasema tupige misumari." (Singida)

Mwamkie baba mdogo, kisha mfichie nyundo yake.

"Ninayo Lee-Enfield, namba 1 Mk III, kitako cha vipande viwili. Nataka kuondoa tako tu, kile kipande cha nyuma, nilisafishe." (Toronto)

Toa mbao ya mbele kwanza, hata kama shida yako iko nyuma. Ndani ya tako mna bolti ndefu yenye ncha ya mraba, na ncha hiyo imeshikwa na kibati nyuma ya mbao ya mbele. Ukizungusha bolti huku mbao ya mbele ikiwa mahali pake, unaipasua mbao hiyo kwa mkono wako mwenyewe.

"Gobore la babu halina karatasi, ila nataka tu kulibadilishia mti." (hakutaja mahali, na nimeelewa kwa nini)

Lipeleke polisi ukiwa na mwenyekiti wa kijiji. Mti baadaye.

"Fundi, na vanishi ya kupuliza je?" (Iringa tena)

Pulizia mlango.