"Sungura wangu hacheui, mwalimu"

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Asiyeamini akikuuliza kama yaliyoandikwa kwenye Biblia yote ni kweli, utamjibu nini?" Mhariri, mimi sikuulizwa na asiyeamini. Niliulizwa na kijana wa miaka 14 anayefuga sungura.

Nafundisha hisabati sekondari, na Jumamosi asubuhi nafundisha darasa la kipaimara kanisani kwetu hapa Mwanza. Siku hiyo tulikuwa Walawi 11, kwenye orodha ya wanyama najisi. Kijana akasoma kwa sauti mstari wa 6, kwamba sungura hucheua ila kwato zake hazikupasuliwa. Akanyamaza. Akaurudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Sungura wangu hacheui, mwalimu."

Wenzake waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Ana sungura kumi na mmoja nyuma ya nyumba yao, na hao ndio wanaomnunulia madaftari.

Nilikuwa na jibu mkononi, maana wahubiri wengi wanalo. Sungura hutoa vinyesi vya aina mbili. Vile laini huvila tena vinapotoka, hivyo chakula kinapita tumboni mara mbili. Wahubiri wanasema Musa alilijua hilo kabla ya wanasayansi. Nikaanza kulieleza, kijana akanikatiza kwa adabu: "Hiyo naijua, mwalimu. Wanakula alfajiri. Lakini hiyo si kucheua."

Darasa langu limejaa watoto waliochunga mbuzi na ng'ombe. Wanajua kucheua ni nini: chakula kurudi kinywani kutoka tumboni, mnyama amelala kivulini anatafuna taratibu. Nani ningemdanganya pale? Nikasema, "Kweli. Sungura hacheui. Nadhani aliyeandika aliona mdomo wa sungura unavyochezacheza kutwa, akaandika alichokiona." (Mstari wa 5 unasema hivyo hivyo kuhusu wibari, ambaye ni pimbi tu. Aliyefika kisiwa cha Saanane hapa Mwanza amewaona wakiota jua juu ya mawe. Hao nao hawacheui.)

Binti mmoja wa mbele akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo Biblia imekosea?"

"Kuhusu tumbo la sungura, ndiyo."

Jioni mzazi mmoja alinipigia simu, na haikuwa simu ya salamu.

Usiku ule nilimkumbuka Askofu John William Colenso. Nilimjua kwa mlango wa hisabati, kwa sababu kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu wa somo langu, na vitabu vyake vya hesabu na aljebra vilitumika sana katika shule za Uingereza. Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Natal, huko Afrika Kusini. Akajifunza Kizulu, akatunga kamusi, akaanza kutafsiri Biblia. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Katika tafsiri alisaidiwa na Mkristo Mzulu aliyeitwa William Ngidi.

Walipofika kwenye gharika, Ngidi alimuuliza swali ambalo Colenso mwenyewe aliliandika baadaye. Kwa maneno yangu, lilikuwa hivi: Haya yote ni kweli? Wewe unaamini kwamba wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili wakaingia safinani? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale wanaokula nyama?

Ukitaka kujua nani anaisoma Biblia neno kwa neno, mtafute mfasiri. Sisi wengine tunaruka. Mfasiri hawezi kuruka; kila neno analitafutia mwenzake katika lugha yake, na neno lisilokaa linamkaba kooni. Hata kwetu, mmisionari Mjerumani Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa Kiislamu. Natamani kujua kadhi yule aliuliza nini walipofika kwa nyoka anayesema.

Colenso angeweza kumjibu Ngidi kama tunavyojibiwa wengi: amini tu. Anaeleza kuwa yaliyomjia moyoni ni maneno ya Zekaria 13:3, kuhusu mtu anayesema uongo kwa jina la Bwana, na kwamba hakuthubutu kuufanya huo. Akaingia kwenye hesabu. Mwaka 1862 alichapisha London sehemu ya kwanza ya uchunguzi wake wa vitabu vitano vya Musa na Yoshua, na kazi hiyo ikaendelea hadi sehemu ya saba mwaka 1879.

Kilichofuata kilikuwa kishindo. Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu kwa uzushi mwaka 1863 na kumvua uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Malkia kule London likaamua kuwa Gray hakuwa na mamlaka hayo. Mwaka uliofuata Gray akamtenga na Kanisa. Mtafaruku huo ni mojawapo ya sababu za kuitishwa mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, Lambeth, 1867. Ila kinachoniuma mimi ni dhihaka za London. Watu walitunga vishairi vya kumcheka askofu aliyekwenda kumwongoa Mzulu akaongolewa yeye. Kwao kichekesho ni kwamba Mwafrika ameuliza. Na hata Colenso, alipomsifu Ngidi kuwa ana akili za mtu mzima, hakuacha kuongeza kuwa ni mtiifu kama mtoto.

Kuna sehemu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ndiyo nzito zaidi. Kutoka 21:20-21 inasema bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo akafa papo hapo, ataadhibiwa. Lakini mtumwa akikaa siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa kuwa yule ni mali yake. Colenso anaandika jinsi Mzulu Mkristo aliyekuwa akimsaidia kutafsiri alivyochukizwa alipoambiwa kuwa maneno hayo yametoka kwa Mungu mwenye rehema. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa palepale, Mkunazini. Nenda kasimame mle ndani na mistari hiyo miwili, kisha useme anayehoji ana kiburi.

Sasa nije nyumbani. Pasaka iliyopita tulikuwa na mzee wa kanisa mezani, jirani yetu, na mtoto wa dada yangu aliyemaliza uhandisi na ambaye siku hizi kanisani haendi. Mzee alimuuliza sababu. Kijana akasema, "Shikamoo tena, mzee, maana baada ya hapa utanikasirikia. Hesabu 1:46 inasema wanaume wa vita wa Israeli walikuwa 603,550. Ukiongeza wanawake na watoto hao ni zaidi ya milioni mbili. Miaka arobaini jangwani!"

"Mwanangu, Neno la Mungu halihojiwi."

"Sihoji, mzee. Nahesabu."

Nikajua hapo pilau litapoa.

Mzee si mtu wa kudharau. Alikuwa amesikia mahali kwamba neno la Kiebrania linalotafsiriwa "elfu" linaweza pia kuwa na maana ya ukoo au kikosi, hivyo huenda ni vikosi mia sita na kitu, watu elfu chache tu. Ni hoja ya wasomi, si ya kubuni, na mpwa wangu alinyamaza kidogo. Mimi ndiye niliyeiharibu. Nilifungua Kutoka 38:25-26. Kila mwanaume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, na fedha iliyopatikana ni talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta ni shekeli 3,000, kwa hiyo jumla ni 301,775. Zidisha kwa mbili: 603,550 kamili, hakuna hata mmoja wa ziada. Aliyeandika pale alikusudia laki sita. Ukimwambia alikusudia vikosi, unamkanusha ili umtetee.

Mpwa wangu akapiga meza. "Asante, mama mdogo!"

"Tulia, sijamaliza. Na hao wazaliwa wa kwanza? Hesabu 3:43 inasema wa kiume walikuwa 22,273. Gawanya wale wanaume kwa hao, hata bila watoto wadogo: kila mzaliwa wa kwanza anabeba wanaume 27, ni kama kila mama alizaa wana wa kiume 27 hivi." Colenso aliiona hiyo pia. Shemeji yangu, ambaye ni nesi wa wodi ya wazazi, aliuliza akina mama hao walikuwa wakila nini.

Lakini hesabu haina upande. Katika sura hiyo hiyo Walawi, yaani watu wa kabila la Lawi, wanahesabiwa kwa koo tatu: 7,500, 8,600 na 6,200. Jumlisha, utapata 22,300. Biblia inasema 22,000. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu nilipomwonyesha kuwa kwa Kiebrania "tatu" na "sita" zinapishana kwa herufi moja tu katika maandishi. Mnakili mmoja akiidondosha herufi hiyo, 8,300 inageuka 8,600. Irudishe, na jumla inakaa sawasawa. Hapo mwandishi hakukosea. Aliyekosea ni mkono wa mnakili. Zamu ya mzee kupiga meza.

Kijana akafikiri, akauliza polepole, "Sasa kama herufi moja ilidondoka, mama mdogo, tutajuaje nyingine ngapi zilidondoka?"

Hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mezani siku ile, na sikuwa na chaki ya kulimaliza. Nilimwambia kwamba tunajua baadhi kwa kulinganisha nakala na nakala, na kwamba waliofanya kazi hiyo ya kulinganisha, wengi wao ni Wakristo waliotaka kujua. Alitikisa kichwa namna ya mtu aliyesikia bila kukubali.

Basi jibu langu kwa swali lenu, Mhariri. Nikiulizwa kama yote ni kweli, nasema hapana, si yote, na namwonyesha pale ninapojua. Najua wapo watakaosema nimebomoa. Mzazi aliyenipigia simu alisema hivyo hivyo: ukitoa tofali moja ukuta wote unaanguka. Mimi naona mtoto anayefuga sungura, akiambiwa na mwalimu kuwa sungura hucheua, hatajifunza kuiamini Biblia. Atajifunza kuwa kanisani watu wazima wanasema wasichokiamini. Siku nitakapomwambia kuwa kaburi lilikuwa tupu, atanisikiliza kwa sikio lile lile.

Hapo sitaki kujificha, ingawa kuna pango zuri la kujifichia. Wakristo wenzangu wa kisomo wanapenda kusema historia haina uzito, kinachotakiwa ni fundisho, mengine ni mafumbo. Paulo hakubali. Katika 1 Wakorintho 15 anasema waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure na imani ni bure. Anataja ndugu zaidi ya mia tano waliomwona kwa pamoja, na anaongeza kuwa wengi wao wangali hai. Mtu anayeandika hivyo anawaita wasomaji wake waende wakaulize. Kwa hiyo mpwa wangu ana haki ya kuuliza na hapo pia, na mimi nina wajibu wa kumwambia ukweli wangu: naamini alifufuka, siwezi kulithibitisha ubaoni, na kama halikutokea nimekosea katika jambo kubwa la maisha yangu. Aliponisikia nikisema hivyo alisema ni mara ya kwanza mtu wa kanisani kumjibu bila kumpandishia sauti. Hakuongoka. Alichukua pilau la pili.

Naye nilimwambia la kwake. Anadhani Kutoka ikishindwa mtihani wa hesabu, Mika naye amefeli. Januari 1879 Waingereza waliivamia nchi ya Wazulu wakapigwa vibaya Isandlwana, na wazungu wa Natal wakataka kisasi. Mwezi Machi Colenso, huyo huyo wa hesabu, alipanda mimbari na Mika 6:8, kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako, akawauliza waumini wake haki na rehema ziko wapi katika vita ile. Alikuwa ameshapoteza marafiki wengi kwa kuwatetea Wahlubi, kabila la Natal, na mkuu wao Langalibalele tangu 1873. Alifariki 1883, na wakamzika ndani ya kanisa lake Pietermaritzburg. Maaskofu waliotetea kila tarakimu ya kitabu cha Hesabu, sijasikia waliohubiri hivyo mwezi ule.

Mzazi wa simu bado hajaridhika, na mchungaji ameniomba tukae tuzungumze, jambo ambalo ni haki yake. Kijana wa sungura hajakosa hata Jumamosi moja. Wiki hii tunarudi Mwanzo, sura ya nne, na ameshaniambia mapema nijiandae: anataka kujua Kaini alimpata wapi mke.