Weusi na ukoko kwenye vigae vya bafuni

Dada, huo weusi ulioniuliza, ulio kwenye maungio ya vigae vya bafu lako, ni kuvu. Ukoko mweupe uliosema umeanza baada ya kuhamia maji ya kisima ni chumvichumvi. Tafadhali usivitibu siku moja: jiki ikikutana na siki au dawa ya choo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo ni hatari zaidi. Fungua dirisha, vaa glavu. Kwa kuvu: jiki sehemu 1, maji 4, acha dakika 15, sugua kwa brashi ngumu (si ya waya), suuza sana. Kesho yake siki nyeupe juu ya ukoko, dakika 10 tu, kwani asidi hula grauti (saruji ya kujazia maungio). Kwa unyevunyevu wa Dar kuvu hurudi haraka, hivyo kila baada ya kuoga vuta maji yaliyobaki kwenye vigae kwa kifutio cha mpira. Grauti iliyomong'onyoka haisafishiki. Ikwanguliwe, ijazwe upya.