Dola 180 kwa siku saba

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mhadhiri msaidizi, Morogoro. Nina makala kuhusu sumukuvu kwenye mahindi ya wakulima wa Kilosa. Jarida moja limeniandikia baruapepe, limeniita “Profesa mheshimiwa”, na linaahidi kunichapisha ndani ya siku saba kwa dola 180. Mwenzangu anasema majarida yote yanayosomwa bure mtandaoni ni ya kitapeli. Mkuu wa idara naye anataka makala kabla ya Juni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usilipe.

Mwaka 2012 nililipa mimi, kwa jarida lililonibembeleza hivyohivyo. Maoni ya wahakiki, wale wataalamu wanaopaswa kuipima makala kabla haijachapishwa, yalikuja siku ya tatu, mstari mmoja tu: makala nzuri, ikubaliwe. Ilipotoka, jedwali la pili lilikuwa limekatwa katikati na jina langu la ukoo limekosewa. Baada ya miaka michache tovuti yao ikazimika. Makala haionekani popote, na siwezi kuipeleka kwingine kwa sababu ilishachapishwa. Wanawake waliokaa nami saa nzima nzima kunijibu dodoso, majibu yao yamepotelea humo. Hilo linaniuma hadi leo.

Lakini mwenzako amekosea. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo kwa majarida 304 huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, na 157 yakaikubali. Watu wengi wanaishia hapo. Hawasemi kwamba hakuyajaribu majarida ya kulipia kusoma, wala kwamba PLOS ONE, ambalo ni huria na linatoza ada, lilihoji maadili ya utafiti ule kisha likaikataa. Kwa hiyo usiulize kwanza kama jarida ni la bure au la pesa. Uliza kama kuna mtu atakayeisoma makala yako kwa makini kabla haijatoka.

Litafute jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria. Mengi yaliyomo humo hayamtozi mwandishi hata senti. Pitia na AJOL, ambayo imekuwa ikikusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Namba ya ISSN, ile ya kulitambulisha jarida, isikubabaishe, hata matapeli wanayo. Soma makala tatu za fani yako ndani ya jarida lenyewe, kisha mwandikie mjumbe mmoja wa bodi ya wahariri, umuulize kama anajua jina lake limewekwa pale. Wapo wasiojua. Ukipenda jarida lenye ada, omba msamaha wa ada unapotuma makala, usingoje ikubaliwe.

Ukiangukia jarida la kulipia kusoma, si dhambi. Ila mfikirie bwana shamba wa Kilosa: atafungua ukurasa, ataona muhtasari, halafu ataombwa dola asizokuwa nazo, ilhali mahindi yanayozungumzwa ni ya kata yake. Soma mkataba kabla ya kusaini. Wachapishaji wengi wanaruhusu nakala yako ya mwisho, ile iliyokwisha kupita kwa wahakiki, iwekwe kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, wengine baada ya miezi kadhaa. Mkutubi wenu atakusaidia kuipandisha.

Kuhusu Juni, uhakiki wa kweli huchukua miezi. Mwombe mhariri barua kwamba makala yako iko kwa wahakiki, umpelekee mkuu wa idara mwenyewe, mkononi, na ile baruapepe ya siku saba uitoe kwenye karatasi uiambatanishe ili aione kwa macho yake.