Jibu: Kwa nini maji ya sinia yamekauka kabla ya yale ya glasi

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya sinia yamekauka jioni ileile, ilhali ya glasi, kipimo kilekile, bado yapo. Maji hugeuka mvuke pale juu tu, yanapogusana na hewa. Sinia la upana wa sentimita 40 lina eneo la karibu sentimita za mraba 1,257. Glasi ya sentimita 7, kama 38 tu. Zaidi ya mara 30 hiyo! Umbo nalo linachangia: ndani ya glasi ndefu mvuke hutuama juu ya maji, upepo haufiki kuuzoa. Ndiyo maana wavuna chumvi wa Bagamoyo hutandaza maji ya bahari kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi.