Kioo chenye alama ya Pac-Man

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama makabati ya gemu ya bei nafuu, yale yanayotengenezwa kwa ajili ya nyumbani, yameharibu utamu wa kukusanya mashine za zamani. Nilipolisoma swali nilijibu "ndiyo" kwa sauti, nikiwa peke yangu chumbani. Limenigusa pabaya, ndiyo maana naandika.

Kwanza nieleze ndiyo hiyo ilitoka wapi. Mashine kama Space Invaders ya 1978, Pac-Man ya 1980 na Donkey Kong ya 1981 zilitengenezwa zikae kwenye kumbi za gemu, zimeze sarafu na zivumilie mateke ya walioshindwa. Moja ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Aliyeitaka nyumbani aliitafuta miezi, akaibeba na wenzake, kisha akajifunza kuitengeneza, maana kuipata nzima ilikuwa bahati. Wakusanyaji tulijuana kwa njia hiyo. Huyu ana kapasita za akiba, vile vipuri vidogo vya kutunza chaji, yule ana mchoro wa saketi, mwingine mkono wake umetulia kwenye kulehemu. Halafu 2018 wakaja kampuni ya Arcade1Up na kabati la kama robo tatu ya lile la asili, lenye kioo bapa cha inchi 17. Linakuja kwenye boksi, unakaza skrubu mwenyewe, jioni unacheza. Humhitaji fundi wala mwenzako. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Ila swali ninaloweza kulijibu kwa nilichokiona kwa macho yangu ni jingine kidogo: mashine za zamani ziliuawa na nani?

Miaka kadhaa kabla ya hiyo 2018, rafiki yangu mmoja aliniita nikamsaidie. Alikuwa na kabati la Pac-Man, ile gemu ya kinywa cha njano kinachokula nukta kwenye mzingile huku kikikimbia mizimu, la asili kabisa, rangi yake ya njano imechubuka pembeni tu. Alitaka tulitoe matumbo yote, tuweke kompyuta yenye MAME, ile programu iliyoanza 1997 ya kuendesha gemu za kumbi kwenye kompyuta. Nilimwambia mashine hii inatengenezeka. Akanijibu, "Bwana we, watoto wanataka gemu nyingi. Hii ina moja, na hiyo moja yenyewe haiwaki." Sikubishana naye zaidi. Nilichukua bisibisi.

Tulifungua mlango wa nyuma, vumbi likatoka limeshikana kama sufi. Kioo kilikuwa cha chogo, kama cha TV za zamani, inchi 19, kimesimamishwa wima. Ubavuni mwa chogo kuna kifuniko cha mpira mfano wa kikombe kidogo, na waya mnene unaingia hapo. Mashine ikiwaka, hapo pana volti zaidi ya 20,000, na hata ukizima umeme chaji inaweza kubaki. Ili kuitoa chaji hiyo, nilifunga waya kwenye fremu ya chuma, ncha ya pili nikaifunga kwenye bisibisi yenye mpini wa plastiki, mkono wa kushoto nikauweka mgongoni, nikaipenyeza ncha chini ya mpira. Ikalia tak! Rafiki yangu akaruka nyuma. Nilirudia mara ya pili, kimya.

Tulipokitoa kioo na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha, tukaona mzingile. Mashine ilikuwa imezimwa, imekatwa waya zote, lakini njia zote za Pac-Man zilionekana kwenye kioo, kuta zake, kona zake, na kile chumba cha katikati wanamokaa mizimu. Picha ileile ilikaa hapo saa nyingi, miaka mingi, hadi ikauunguza unga unaong'aa ndani ya kioo. Nilipitisha kidole juu yake. Maelfu ya watu walisimama mbele ya kioo kile, nami ndiye niliyekikata waya.

Kioo kilikaa uani wiki nzima, kikanyeshewa, kikatupwa. Kabati likawekewa kioo bapa na vitufe vya rangi sita. Watoto walicheza mwezi mmoja hivi, kisha wakaacha. Mashine nyingi za zamani ziliishia hivyohivyo, mikononi mwa watu wazuri tu waliotaka familia zao zifurahi.

Sasa nimefika hapa na ile ndiyo yangu haisimami tena. Kama boksi la Arcade1Up lingekuwepo siku ile, rafiki yangu angelinunua, watoto wangecheza mwezi wao, na Pac-Man ile ingebaki kona yake ikisubiri mtu mwenye kapasita. Anayetaka kucheza tu sasa ana pa kwenda bila kuchinja mashine ya 1980. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, makabati hayo ya nyumbani hayakuharibu. Naona hata yameziokoa baadhi, ingawa siwezi kuzihesabu.

Lakini msininukuu nusu. Kioo bapa si kioo cha chogo. Chezeni Asteroids ya 1979 kwenye mashine yake ya asili muone risasi inavyowaka kama cheche, kwa sababu mwale wa ndani ya kioo cha chogo unaichora nukta ileile kwa nguvu. Kioo bapa kinaonyesha nukta nyeupe tu. Na kijiti cha kuongozea nacho kina maana yake. Pac-Man inataka kijiti cha pande nne. Ukiipa cha pande nane utakwama kwenye kona na kudhani umezeeka. Wanaonikera kweli ni wanaonunua maboksi mapya na kuyaweka yamefungwa, wakingoja yapande bei. Hao hata gemu hawachezi.

Bodi ya saketi ya ile Pac-Man ninayo. Rafiki yangu alinipa siku ileile, nikaifunga kwa kitambaa cha pamba. Mwaka jana niliijaribu kwa kioo cha kuazima, ikaimba ule wimbo wake wa kuanzia tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichobaki ni kupata kioo cha chogo, inchi 19, cha kusimama wima. Kikiwa na mzingile umeungua ndani yake, nitakipokea vilevile.