Klabu ni nzuri, ila ni za saa ngapi?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama shughuli za nje ya darasa zinamjenga mwanafunzi wa kidato cha tano na sita au zinamla tu muda wa kusoma. Nimeona nijibu manake hili swali tumeishi nalo nyumbani kwangu miaka kadhaa sasa, na watoto wangu wawili wakubwa wamesoma hapa hapa Uingereza, mji mmoja, koleji mbili tofauti. Jibu langu ni kwamba zinamjenga, tena sana. Ila kuna kitu hamjauliza na mimi kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, nacho ni saa. Hizo shughuli zinafanyika saa ngapi?

Kwa ambao hawajui mfumo wa huku, mtoto akimaliza ile mitihani ya miaka 16 anaweza kwenda koleji ya miaka miwili inayopokea wa miaka 16 mpaka 19, anachukua masomo matatu ya A-level, wachache manne, ni kama kidato cha tano na sita kwetu lakini ni ya kutwa, mtoto anatoka nyumbani asubuhi na basi na jioni anarudi. Katikati ya vipindi kuna nafasi wazi. Alafu kila koleji ina kijitabu kizuri cha rangi chenye orodha ya klabu, mdahalo, kwaya, roboti, mpira, Model United Nations yaani wanafunzi wanaigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, gazeti la wanafunzi, kujitolea, mashindano ya hesabu, kila kitu. Sisi wazazi tukienda siku ya wazi, ile koleji inapowakaribisha watu waje kuiona, tunaona orodha ndefu tunafurahi tunasema hii shule ni nzuri.

Mwanangu wa kwanza alienda koleji yenye orodha ndefu kuliko zote. Alitaka mdahalo, alikuwa anapenda kubishana tangu mdogo. Lakini mdahalo ulikuwa unaanza saa kumi jioni baada ya vipindi, na mdogo wake wakati huo alikuwa na miaka saba, shule ya msingi inafunga saa tisa na robo, na mimi nafanya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee majumbani, shifti yangu ya jioni inaanza saa tisa. Sasa nani akamchukue mtoto? Akawa anaenda kaka yake. Siku zote za shule, mvua, baridi, giza la Desemba, anamchukua dogo, anampikia, anamsomesha, anamlaza kama nimechelewa. Jumamosi na Jumapili anapanga bidhaa supamaketi. Miaka miwili nzima hakuhudhuria klabu hata moja, na mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti kwamba ni kijana mwenye uwezo lakini hashiriki maisha ya koleji. Ile sentensi niliisoma nikiwa jikoni na bado inaniuma. Hashiriki. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Na asifikirie mtu kuwa ni familia yangu tu. Zamani England ilikuwepo posho inaitwa EMA, mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini alikuwa anapata mpaka pauni 30 kwa wiki ili abaki shuleni, ikafutwa 2011, Scotland na Wales bado wanatoa ila England basi. Ikaja badala yake basari ya miaka 16 mpaka 19 ambayo koleji yenyewe inaamua nani apate na kwa kiasi gani. Kwa hiyo watoto wengi wa kipato chetu wanafanya kazi jioni na wikendi, sio kwamba hawapendi klabu. Ukiweka shughuli zote saa kumi jioni umeshachagua nani atashiriki kabla hujabandika tangazo ukutani.

Mimi nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, Tanzania, sekondari ya bweni ya wasichana, na nikiangalia nyuma nagundua kitu ambacho wakati ule sikukiona. Kengele ya saa kumi ikilia ilikuwa michezo au shamba au usafi, kila mtu nje, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mkulima. Mdahalo Ijumaa, ukumbi mzima upo, na hata aliyeogopa kuongea alikuwa analazimika siku moja kusimama. Ilikuwa bado ni ile hewa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, kazi na masomo vinakwenda pamoja, ingawa wengine tulikuwa tunanung'unika jembe. Siwezi kusema bweni halikuwa na shida, maji yalikuwa shida, chakula shida. Lakini kwa kuwa hakuna anayerudi nyumbani, hakuna aliyekuwa anaachwa nje ya klabu kwa sababu ya basi au mdogo wake. Ile saa ilikuwa ya wote.

Sasa binti yangu. Yeye alienda koleji nyingine, na sikuichagua kwa akili yoyote, ilikuwa tu na basi la moja kwa moja. Kumbe kule Jumatano kuanzia saa saba mchana hakuna kipindi. Koleji nzima. Jumatano mchana ndo siku ambayo shule na vyuo vingi vya huku wameiachia michezo tangu zamani, lakini hawa wao walisema kila mwanafunzi lazima achague kitu, ukitaka mpira sawa, ukitaka kushona sawa, lakini lazima uwe mahali, na saa tisa mko huru. Binti yangu akachagua EPQ.

Hii EPQ naomba niielezee vizuri manake wazazi wengi wa Kiswahili huku nikiwatajia wananiangalia tu. Ni mradi wa utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Anachagua swali lake, hata kama halihusiani na masomo yake ya A-level, anapewa msimamizi, anaandika daftari la maendeleo, kila alichoamua na kwa nini alibadilisha, mwisho anaandika kama maneno 5,000 alafu anasimama mbele ya watu kupresenti na kuulizwa maswali. Inahesabika nusu ya A-level moja, yaani A ya EPQ ni pointi 24 za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu huku, wakati A ya somo zima ni 48, na baadhi ya vyuo vikuu vinashusha kidogo masharti kwa mwanafunzi aliyeifanya vizuri. Sio klabu kwa maana ya kucheza, lakini haina kitabu cha kiada wala maswali ya miaka iliyopita ya kukariri, na hapo ndo mtoto anajulikana.

Binti yangu kwa wiki tatu hakuwa na swali. Alitaka kuandika kuhusu mitindo ya nguo, akaacha, akataka mambo ya akili bandia, akaacha. Siku moja babu yake, baba yangu, alitutumia voisi kutoka Kongwa, Dodoma, analalamika mvua, na katikati akasema kwamba hata Waingereza na karanga zao mvua hii iliwashinda. Binti akaniuliza, Waingereza gani, karanga gani? Mimi mzaliwa wa Kongwa nilijibu kwa sentensi mbili nikaishiwa. Yeye akaenda kutafuta.

Na alichokuta ni kikubwa kweli. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, serikali ikaamua kulima karanga Tanganyika, eka zaidi ya milioni 3 kwenye karatasi, wakaanzia Kongwa 1947, alafu Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta makuukuu ya jeshi, hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, mibuyu ikawashinda, kiangazi kikija ardhi inakuwa ngumu kama saruji, mvua haieleweki. Mwaka 1951 wakaacha, na pauni milioni 36 za walipa kodi zilikuwa zimeenda. Mijadala yote ya Bunge lao kuhusu jambo hili iko mtandaoni bure, binti yangu akawa anasoma maneno ya waziri wa chakula wa wakati ule, John Strachey, anayetetea mpango, alafu jioni anampigia babu yake WhatsApp na kumuuliza, babu ulikuwa na miaka mingapi, ulikuwa unafanya nini, mashine zilikuwaje.

Babu alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe, miaka tisa kumi hivi. Alimwambia kilichomkaa kichwani ni kelele, na mbuyu mmoja uliokuwa kivuli chao cha kuchungia, siku moja wakafika haupo. Na alimwambia kwamba wazee wa Kigogo walikuwa wanalima uwele na mtama kwa sababu wanaijua mvua yao, na yeye hakuwahi kusikia mzungu aliyekuja nyumbani kwao kuuliza. Swali la binti likawa hilo, kwamba mpango ulishindwa kwa sababu ya udongo au kwa sababu wenyeji hawakuulizwa. Msimamizi wake alimbana sana, alimwambia kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi, tafuta cha kuithibitisha na cha kuipinga, na ni kweli, akapunguza maneno yake makali mara mbili tatu. Mimi ningekuwa mwalimu ningemhurumia nikamwachia. Yule hakumwachia, na namshukuru.

Siku ya kupresenti wazazi hatukualikwa, walikuwepo wanafunzi na walimu tu, lakini alituonyesha nyumbani usiku wa kuamkia. Dogo anashika simu babu aone. Baba yangu hajui Kiingereza, alisikiliza dakika kumi yote kimya, alafu akasema amesikia neno Kongwa mara nyingi, basi inatosha. Binti alipata A. Lakini mimi mafanikio niliyoyaona ni mtoto aliyezaliwa hapa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shikamoo na chakula tayari, kujifunza kuuliza swali refu kwa Kiswahili na kusubiri jibu.

Mengine nayapitia haraka. Alifanya mtihani wa Senior Maths Challenge, maswali 25 kwa dakika 90 bila kikokotoo, akapata cheti cha shaba, tulikibandika kwenye friji. Alijiunga pia na Duke of Edinburgh ngazi ya dhahabu, tuzo ya vijana ya kujitolea, kujifunza ujuzi na kusafiri porini, ambayo wasomaji wa Kenya mnaijua kama President's Award, ipo kwenu tangu 1966. Hapo nilikataa kwanza. Mtoto wa kike siku nne porini na usiku tatu kwenye hema, na wavulana wapo kwenye safari hiyo hiyo, nilisema haiwezekani. Mwalimu alinipigia mwenyewe, akanieleza nani analala wapi, walimu wako umbali gani, na akaniambia mabuti, begi la mgongoni na koti la mvua vyote vipo stoo ya koleji anaazimwa, sinunui kitu. Kama asingetaja mabuti ningeendelea kukataa na kusingizia maadili, manake ukweli sikuwa na hela ya mabuti. Ile tuzo hajaimaliza, kujitolea peke yake ni mwaka mzima, ila anaruhusiwa mpaka atimize miaka 25.

Sasa kuna jambo lililotokea wakati anajaza fomu ya UCAS ya kuomba chuo kikuu. Zamani ilikuwa ni maelezo binafsi, insha moja ya herufi 4,000, lakini kwa wanaoanza chuo kuanzia 2026 wamebadilisha, sasa ni maswali matatu, kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na la tatu ni nini kingine umefanya nje ya masomo kujiandaa. Na mwongozo wao unasema wazi kwamba kazi ya kuajiriwa inahesabika, na majukumu ya nyumbani kama kulea ndugu au kuuguza mtu yanahesabika. Kaka yake alikuwa amekuja wikendi, akawa anasoma ile skrini nyuma ya bega la dada yake. Akanyamaza. Baadaye akaniambia, mama, mimi ningeandika habari za dogo.

Yeye kwenye insha yake aliandika kuhusu vitabu tu. Alimaliza na B mbili na C, akapata chuo, anaendelea vizuri namshukuru Mungu, lakini miaka miwili ya kumlea mdogo wake, kupanga bajeti ya chakula, kumfundisha kusoma mpaka dogo akalizidi darasa lake zima, hakuona kama ni kitu cha kumwambia mtu, na mimi mama yake sikumwambia kwamba ni kitu. Hilo nalibeba mimi. Wazazi wenzangu, mtoto anayewasaidia nyumbani mwambieni kwa sauti kwamba anachofanya ni kazi, ataje kwenye fomu, na mwalimu wake aambiwe pia, asije akaandikiwa kwamba hashiriki.

Na kwenye siku za wazi tusiishie kusifia kijitabu. Novemba iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa Bukavu, tunasali pamoja, Kiingereza bado kinamsumbua na ana watoto wanne, mkubwa ndo anaingia koleji. Walituonyesha ukumbi wa maigizo, maabara, vikombe kwenye kabati. Nikamuuliza mwalimu kwa niaba yake, hizi klabu zinaanza saa ngapi, nauli ya basi la jioni nani analipa, vifaa vinaazimwa au tunanunua, basari inaombwaje na kabla ya tarehe gani. Mwalimu hakukasirika, alikaa chini kabisa akatueleza. Klabu nyingi ni saa kumi, alisema, ila mdahalo na mradi wa utafiti ni saa ya chakula cha mchana Jumanne na Alhamisi. Nikamtafsiria yule mama. Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya tiketi ya basi, Jumanne, Alhamisi, mchana.