Winta ya zamani, watu wa vijijini waliponaje?

SWALI: Habari mhariri, huwa najiuliza wale wa nchi za baridi kali enzi hizo, vijijini huko, hakuna umeme wala hita, theluji imefika dirishani, walikua wanaishije? Au ni kukoka moto mkubwa tu usiku na mchana?

JIBU: Moto ulikuwepo ndugu yangu, ila kuni utazitoa wapi theluji ikishafika kiunoni? Kazi ya winta ilikua inafanyika kiangazi na vuli. Kuni zinakatwa mapema, zinapasuliwa na kupangwa zikauke hata mwaka mzima, maana kuni mbichi moto wake unaishia kukausha maji yake yenyewe na we unabaki na moshi. Nyasi za mifugo hivohivo, na ukiona hazitatosha unachinja baadhi kabla baridi haijakaza, nyama inatiwa chumvi inaning'inizwa kwenye moshi. Viazi na karoti vinashushwa shimoni chini ya nyumba ambako udongo haugandi, kabichi inachachushwa kwa chumvi kwenye pipa, na hiyo ndo ilikua inawapa vitamini C miezi yote hiyo ya kukosa mboga mbichi.

Sasa joto. Hawakuhangaika kupasha nyumba nzima, familia yote inahamia chumba kimoja. Urusi walikua na jiko la matofali, kubwa kwelikweli, moshi unazungushwa humohumo ndani kabla ya kutoka, kwahiyo moto ukizima matofali yanabaki na joto saa nyingi tu na wazee na watoto wanalala juu yake kabisa! Wales na kaskazini mwa Ujerumani ng'ombe walikaa chini ya paa moja na watu, harufu sijui walikua wanaivumiliaje ila ng'ombe ni hita inayokula nyasi.

Lakini tusidanganyane eti watu wa zamani walikua chuma. Winta ya 1709 Ufaransa iliua ngano shambani na njaa iliyofuata ikaondoka na mamia ya maelfu. Marekani nako, tarehe 12 Januari 1888, asubuhi ilikua na vuguvugu hata wengine makoti mazito waliyaacha nyumbani, mara dhoruba ikashuka ghafla, huko Dakota na Nebraska watoto kibao wakagandia njiani wakitoka shule. Wakulima wa tambarare zile walikua wanafunga kamba toka mlangoni hadi bandani, unaenda kulisha ng'ombe mkono haubanduki kwenye kamba, coz theluji ikianza kupeperuka huoni hata hatua moja mbele na unaweza kupotea uani kwako mwenyewe.